Sifa za Tetea Asiyelala Bandani

Lucian wa Samosata, katika karne ya 2, aliandika sifa za nzi na hakuna aliyemshtaki. Basi nami niachwe nimsifu tetea wa miezi mitatu anayekataa kuingia bandani, maana huyo nimeishi naye, na kwa ajili yake nimekwea mparachichi usiku, tochi ikiwa mdomoni.

Kwetu Keza, wilayani Ngara, jua huzama karibu saa 1 jioni. Ukivuka mpaka ukaingia Burundi, jua hilo hilo linazama saa 12. Serikali zina saa zao. Tetea ana yake, na haijawahi kuharibika. Mwanga ukifikia kiwango anachokijua yeye, ananyoosha shingo. Anatazama banda. Anatazama mti. Anatazama banda tena, kwa adabu tu, kisha anarukia mti.

Wanaomwita mkaidi hawaujui ukoo wake. Kuku mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, aliyezaa kuku wote tunaowafuga, hulala juu ya matawi mpaka leo. Tetea anashika mila. Sisi ndio tuliojenga chumba chenye komeo, tukamwona asiyekipenda kuwa mhuni! Hata mwili wake unamtetea: akichutama, kano za miguu huvuta vidole vikalikaza tawi, hivyo anasinzia bila kuanguka. Tena anaweza kulaza nusu ya ubongo na kuacha jicho moja wazi. Nawafahamu walinzi wa usiku wanaolala kwa macho yote mawili, na mwisho wa mwezi wanapokea mshahara.

Mbolea? Kuku wa bandani anairundika mahali pamoja, wewe ukaikwangue, uipakie, uisukume kwa toroli hadi migombani. Tetea wangu huipeleka shambani mwenyewe, usiku, bila posho, na kuidondosha kwenye shina la mbuni. Mara moja aliidondosha begani kwangu, lakini nilikuwa nimesimama pasiponihusu.

Ni kweli kwamba hukosa chanjo ya mdondo. Tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na mchanjaji hufika alfajiri kabla mlango haujafunguliwa, apate kuwashika kwa urahisi. Wenzake wanatiwa tone wakiwa wamejipanga. Yeye yuko juu, analitafakari jambo hilo. Na kicheche pia anamsifu, kwa sababu zake mwenyewe.

Lakini fadhila yake kubwa ni ukaguzi. Kwa mwaka mzima sikuwahi kuingia katika lile banda. Nilikuwa nafunga mlango kwa nje na kwenda kula. Tetea walipogoma ndipo nilipoinama nikaingia. Dakika mbili tu, utitiri ukawa umenifika viwikoni. Hewa ilikuwa ya kukatwa kwa panga. Kichanja cha kulalia kilikuwa kimoja, na majogoo wawili walikwisha kugawana, nusu kwa nusu. Nikatoka nje, nikawatazama vijana wale mtini kwa heshima mpya.

Nilinyunyiza majivu, nikatoboa madirisha, nikaongeza vichanja viwili. Jirani yangu, bibi mwenye kuku wengi kuliko wajukuu, akaniambia, “Mwanangu, sasa wafungie siku saba. Chakula humo, maji humo, wasione nje. Ukiwafungulia watajua kwao ni wapi.” Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami kamba yangu ilikuwa komeo. Ila nilikuwa na huruma. Siku ya nne walilia sana nikawafungulia. Wakanishukuru kwa kuzunguka miguuni mwangu mchana kutwa, na jioni wakapanda mti.

Nikajaribu pumba na mahindi ya kuparaza, humo bandani, kabla ya magharibi. Wahenga walionya kwamba penye kuku wengi usimwage mtama, nami nikamwaga. Walikuja makoo, wakaja majogoo, wakaja bata wa jirani na mbuzi mmoja ambaye mpaka leo mwenyewe hajulikani. Tetea waliitazama hafla hiyo kutoka kwenye mparachichi.

Ikabaki njia ya mwisho: kuwachuma. Kuku haoni gizani, hivyo unampapasa tawini, unamshika kama tunda, naye anaguna tu kama mzee aliyeamshwa kwenye mkutano. Unamkalisha kwenye kichanja, unarudi kwa mwingine. Kila jioni, wiki nzima. Kwa kazi hiyo nimeyajua matawi ya mti wangu kuliko fundi anavyoijua misumari yake. Nimefahamiana na majirani, ambao hutoka nje na viti waje kutazama, na mmoja huniangazia taa huku akinielekeza kwenye tawi ambalo si lenyewe. Nyumba iliyo na tetea wa namna hii haihitaji redio.

Jana, usiku wa nane, nilifika chini ya mti nikaukuta mtupu. Nikakimbilia bandani, nikamulika. Walikuwa wameingia wenyewe! Nikahesabu: kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Nikazunguka mibuni, nikachungulia chini ya toroli, nikamwamsha bibi akachungulie kwake.

Wa kumi na mbili alikuwa juu ya bati la banda, usawa wa mlango, jicho moja wazi.