Namna ya Kubeba Darubini Porini Bila Kuona Kitu

Msimu wa uwindaji Tanzania hufunguliwa tarehe 1 Julai, na kila mwaka huwakuta wawindaji wa aina mbili. Wa kwanza hutazama, kisha huamua. Wa pili huamua nyumbani, gari likiwa bado halijatiwa mafuta, kisha huenda porini kutafuta chochote kinachofanana na uamuzi wake. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili. Wa kwanza hana haja ya kuandikiwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Msomaji wa Kenya asijione ametengwa. Nchi yake ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo hatua mbili za mwanzo zitamfaa akienda kutazama ndege. Zilizobaki azisome kama habari za jirani.

Hatua ya 1: Nunua namba kubwa

Kila darubini imeandikwa namba mbili, mathalani 8x42. Muuzaji mwenye subira atakueleza kwamba 8 ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Atakuambia ugawanye ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25, na huo ndio upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho lako. Atakumbusha pia kwamba mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, ya mtu wa makamo hadi 5 au pungufu, na kwamba wanyama wengi hutoka alfajiri na jioni, saa ambazo mwanga huo mdogo ndio unaomtenga pongo na kichaka.

Usimsikilize. Wewe chukua 12x25. Inaingia mfukoni, na 12 ni kubwa kuliko 8, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukuthibitishia. Kwamba inakupa duara la mwanga la milimita 2 tu, na kwamba mtetemeko wa mikono yako nao unakuzwa mara 12, hayo utayajua porini, na porini hakuna wa kumrudishia bidhaa.

Hatua ya 2: Usiirekebishe

Mtu mwenye wasiwasi hutenga dakika tano kambini. Anaikunja darubini katikati mpaka miduara miwili anayoiona iwe mmoja. Anaziba lenzi ya mbele ya kulia na kuzungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome maandishi ya debe lililowekwa mbali. Kisha anaziba ya kushoto na, bila kuligusa tena gurudumu, anazungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia mpaka debe lile lile lisomeke. Akiwa na miwani, anateremsha vikombe vya mpira vya machoni ili aone uwanja wote. Kuanzia hapo gurudumu moja linamtosha siku nzima.

Hizo ni dakika tano za chai, na chai ya kambini haingoji. Wewe rekebisha mnyama akiwa amekwisha kukuona, kwa mikono miwili, bunduki ikiwa umeiegemeza kwenye mti ambao baadaye utaanza kuutafuta. Mkanda nao uache mrefu, darubini ifike kitovuni na kugongana na kitako cha bunduki kila hatua. Wanyama wa pori wanapenda kujua mgeni amefika wapi.

Hatua ya 3: Tazama kwa bunduki

Kwa nini ubebe kioo cha pili wakati bunduki tayari ina skopu? Unainua, unatazama, unajua. Kasoro ni moja tu: skopu imefungwa juu ya mtutu, na kila inakoelekea skopu, mtutu umetangulia. Ukitaka kujua kama ile rangi ya kahawia nyekundu kule kwenye vichaka ni pongo jike au kitenge cha mama anayeokota kuni, basi kufikia wakati unapopata jibu umekwisha kumwelekezea mama huyo bunduki yenye risasi. Kati ya vioo vyote vilivyomo kambini, darubini ya mkononi ndiyo pekee unayoweza kumtazamia mtu, ukagundua ni mtu, na bado mkasalimiana.

Wapinzani wa skopu wana hoja nyingine ya kuchosha. Kwa umbali wa mita 100, darubini ya 8x42 hukuonyesha upana wa takriban mita 13. Skopu iliyowekwa kwenye 9 hukuonyesha kama mita 4. Ndani ya mita 4 anaenea swala mmoja na ubavu wake mzuri. Ndama aliyesimama kando, kundi lililo nyuma, na mfugaji aliyekaa chini ya mti wako ndani ya zile mita 9 ambazo hukuzinunua. Ukweli wa namna hiyo huharibu shabaha, na mwindaji wetu hana nafasi nao.

Hatua ya 4: Tambua kwa rangi na matumaini

Ubongo ni mtumishi mtiifu. Ukitembea tangu saa kumi na moja alfajiri ukimfikiria kongoni, ikifika saa tatu kila kichuguu kitakuwa kongoni, na tawi lililokauka juu yake litakuwa pembe. Usiuharibie ubongo kazi yake kwa kukiangalia kichuguu sekunde thelathini kwa darubini. Kitarudi kuwa kichuguu, nawe utabaki na leseni yako.

Leseni hiyo, kwa bahati mbaya, imeandikwa aina ya mnyama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo haifurahii mtu anayepiga jike mwenye mtoto, na twiga, mnyama wa taifa, haguswi kabisa. Kwa hiyo utahitaji kanuni ya kutambua dume. Kanuni nyepesi ni hii: mwenye pembe ndiye dume. Kwa swala pala, pongo, kuro na tandala mkubwa itakufikisha salama. Ukiridhika nayo, ipeleke kwa pofu, palahala, korongo, kongoni na nyati, ambao majike wao wote wana pembe, kisha ujiandae kwa mazungumzo marefu na askari wa wanyamapori.

Wenye darubini hupoteza muda wao mahali pengine kabisa: kwenye shina la pembe. Kwa nyati dume aliyekomaa, mashina mawili yamekutana juu ya paji la uso na kuwa magumu kama kofia moja. Kwa kijana, katikati bado pana nywele na ulaini. Kwa jike, mashina ni membamba na hayakutani. Pofu dume ana kishungi cha nywele kwenye paji na shingo nene. Hayo yote huonekana vizuri mnyama akigeuza kichwa, na mnyama hugeuza kichwa anapotaka yeye. Ndiyo maana porini husikika mnong'ono huu:

"Bosi, ngoja. Bado hajageuka."

"Nimeziona pembe, mzee."

"Pembe hata mimi nimeziona. Nangoja kumwona mwenye pembe."

Kwa simba mambo ni mabaya zaidi. Tanzania haitaki simba dume apigwe kabla hajafika miaka 6, na simba hatembei na cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao, waliofanya kazi na simba wa Serengeti, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba pua ya simba huanza na rangi ya waridi na kujaa weusi kadiri umri unavyosogea. Pua ambayo zaidi ya nusu yake ni nyeusi ni ya mnyama mwenye miaka mitano au zaidi. Tazama basi jinsi wanasayansi wanavyoweza kumtesa mtu: wamechukua mnyama mwenye manyoya ya shingo yanayoonekana kutoka mbali, wakakuambia uhesabu madoa ya pua. Bila darubini njema, njia pekee ya kuisoma pua hiyo ni kuisogelea. Mwongozo huu unaiheshimu njia hiyo, lakini hautoi bima.

Hatua ya 5: Amini kwamba nyuma yake hakuna kitu

Pori ni tupu. Hii ndiyo nguzo ya hatua zote. Ukipita kwenye miombo ya Tabora au Katavi, usishangae kukuta mizinga ya magome imetundikwa juu ya miti; itakuwa imejitundika yenyewe. Warina asali wanaopanda kwenye matawi na moshi wao, wafugaji wanaofuata malisho, wakata kuni na watoto waliotumwa kutafuta mbuzi aliyepotea, hao wote usiwahesabu. Wengi wao wamevaa nguo zilizopauka kwa jua hadi kufanana na nyasi za Agosti, na wana tabia ya kuinama.

Kwa msomaji atakayesisitiza kupewa alama za utambuzi, hizi hapa: kongoni haendeshi baiskeli; nyani hashuki mtini na ndoo; na mnyama anayekohoa kisha akatema mate yafaa aangaliwe mara ya pili.

Risasi ya bunduki ya kuwindia mnyama mkubwa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 isipozuiwa na kitu, na mara nyingine hupita ndani ya mnyama na kuendelea na safari yake. Mwindaji wa aina ya kwanza kwa hiyo hutazama nyuma ya mnyama kwa makini yale yale aliyomtazama nayo mnyama. Ana mbinu yake: anaelekeza darubini kwenye kichaka na kuzungusha gurudumu taratibu. Majani ya mbele yanapotea kwenye ukungu, yanajitokeza yaliyo nyuma yake, kisha nafasi wazi, kisha mteremko. Anakipekua kichaka tabaka kwa tabaka bila kusogea hatua moja. Akikuta nyuma pana mlima au kingo ya udongo, anafurahi. Akikuta upeo wa mbingu mtupu, anashusha darubini na kusubiri mnyama ahame.

Asiyependa upekuzi huo yuko kwenye kundi la wakubwa. Februari 2006, kwenye ranchi moja ya Texas, Makamu wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Dick Cheney, aligeuka kumfuata kware kwa bunduki ya marisau na kumpiga rafiki yake, wakili Harry Whittington, mwenye umri wa miaka 78, usoni, shingoni na kifuani. Kware huruka ghafla, na darubini isingemsaidia Cheney. Kilichokosekana ni kujua nani yuko upande gani kabla ya kidole kuingia kwenye kifyatulio. Lakini somo kubwa kwa msomaji wetu lilikuja baadaye. Whittington alipotoka hospitalini alisema anasikitikia shida iliyompata Cheney na familia yake. Chagua rafiki wa namna hiyo kabla hujachagua bunduki.

Hatua ya 6: Amua peke yako

Usikubali kabisa desturi ya watu wawili. Katika desturi hiyo, mwindaji na mfuata nyayo, au mwindaji bingwa aliyeandamana nao, kila mmoja na darubini yake, hutaja kwa sauti ya chini wanachokiona: aina, jinsia, mahali alipo, na kilicho nyuma. "Palahala, dume, wa tatu kutoka kushoto, nyuma mlima." Mwingine asipoyarudia maneno yale yale, hakuna bunduki inayoinuliwa. Mara nyingi hugundulika kwamba kila mmoja alikuwa akimtazama mnyama wake, au kwamba wa tatu kutoka kushoto amekuwa wa pili tangu mwenzake alipoondoka. Ni mikutano tu, na mikutano tumeiacha ofisini.

Kidole nacho, kwa wenye desturi hiyo, hukaa nje ya kifyatulio mpaka maneno yamalizike. Wewe kiweke ndani mapema kipate joto.

Madhara ya kutumia darubini inavyotakiwa

Mwongozo wa haki hauwezi kuficha hatari za upande wa pili. Mtu anayetazama kwa darubini kabla ya kugusa bunduki amejulikana kupata dalili zifuatazo. Risasi zake hudumu, na muuza risasi humsahau jina. Hadithi zake za jioni huwa fupi, kwa kuwa nyingi huishia "kumbe alikuwa na mtoto". Huanza kuwajua wanyama kwa nyuso na kuwataja kama majirani: yule aliyevunjika pembe, yule mwenye kovu begani. Hujikuta ametumia saa nzima akimtazama tohe anayejikuna. Warina asali humpungia mkono kutoka mitini, maana wamekwisha kumwona naye akiwaona.

Dalili mbaya zaidi huja mwishoni. Atarudi kambini mikono mitupu, mwenzake atamwuliza kwa nini hakupiga na dume lilikuwa wazi vile, naye atajibu, "Sikuwa na hakika," kisha ataomba chai bila kuona aibu yoyote. Ukifikia hatua hiyo, ndugu yangu, mwongozo huu hauna tena la kukusaidia.