Jinsi ya Kutajirika kwa Ndagala bila Kuloa Miguu

Kwanza, jiite tajiri wa mtumbwi kabla hujawa na mtumbwi. Ufukweni Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna anayedai hati. Kaa penye chai, sema kwa sauti, "Vijana wangu wako ziwani," na usitaje ni vijana wa nani.

Kisha piga hesabu. Chukua ndagala wa usiku mmoja mzuri, zidisha kwa 30, halafu kwa 12. Wavuvi watakukumbusha kwamba ndagala hufuata taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti tena. Wapuuze, hesabu yako haina mwezi. Haina masika pia, ingawa ndagala walioanikwa mchangani wakipigwa na mvua huoza kabla ya kuiona Bujumbura, kilomita 70 na ushee tu. Foleni ya petroli usiiingize kabisa, itakuharibia jumla.

Sasa chombo. Wenye subira huanza na mitumbwi miwili ya mbao iliyounganishwa, wavu katikati. Hayo waachie wao. Wewe anza na Apollo, ile kubwa yenye taa nyingi na watu wengi, tena kwa mkopo: pesa za mwenzio zina ujasiri ambao zako hazijawahi kuwa nao.

Atatokea mzee, atatazama milima ya Kongo ng'ambo, atanusa upepo na kusema, "Mwanangu, leo wasitoke." Mheshimu sana. Mpe kiti, muagizie chai na maandazi, kisha waamuru vijana watoke. Busara ya mzee ni mali, haifai ilowe.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Mwenye akili ndogo angejiuliza kwa nini samaki wamepungua hata ziwa lifungwe. Wewe fikiria ndagala wote wa Kigoma wakifunga virago kuhamia kwako, na uongeze mkopo.

Wadai wakifika, usijifiche, jambo hilo ni la watu wasio na mipango. Watangazie kwamba umeachana na samaki, unaingia kwenye mawese. Mchikichi huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na muda huo unatosha kabisa kukopa kwa wengine.