Namna ya Kuipa Injini ya Pikipiki Nguvu Ambayo Kiwanda Kilisahau

Pikipiki yako imeanza kutoa moshi wa buluu, na kila ukifika mlimani abiria anashuka atembee. Usihangaike kukumbuka oili ilibadilishwa lini. Hayo ni maswali ya watu wasio na hesabu ya kupeleka kwa bosi jioni. Dawa ni moja: kushusha injini na kuisuka upya, itoke na nguvu kuliko ilivyotoka dukani.

Tuchukue ile ya 125 iliyojaa vijiweni, ya muundo wa Honda CG125, ambayo Wachina wameinakili kwa majina yasiyohesabika. Honda waliitoa miaka ya 1970 baada ya kubaini kwamba katika nchi nyingi pikipiki hufanyishwa kazi kutwa na matunzo hazipati. Kwa hiyo juu ya silinda hawakuweka mnyororo, wakaweka fimbo ngumu za kusukumia valvu. Ni injini iliyobuniwa mahususi kuvumilia uzembe. Ukiona ya kwako imeshindwa, jua umejituma kweli.

Kazi ifanyike chini ya mwembe kando ya barabara ya vumbi, siku ya upepo. Fundi awe yule asiye na filageji wala maikromita, maana wenye vipimo wanachelewesha watu. Mfano ni pengo la ringi. Fundi wa vipimo huchukua ringi mpya, akaiingiza peke yake kwenye silinda tupu, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, ndipo apime nafasi kati ya ncha zake mbili. Nafasi yenyewe ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ikizidi, presha inavuja. Ikikosekana, ringi ikipata moto inatanuka, ncha zinasukumana, silinda inakwaruzwa. Fundi wako yeye ataishika ringi dhidi ya jua, afumbe jicho moja, aseme, "Hii iko freshi, bosi." Mlipe.

Sasa tuje kwenye nguvu. Silinda ya standadi ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5, ndiyo hizo sisi 124 zinazoitwa 125. Ikichakaa inachongwa, kisha inavalishwa pistoni ya ovasaizi: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Mwoga huanza na 0.25 ili nyingine zimsaidie miaka ijayo. Wewe ruka moja kwa moja hadi 1.00. Kijiwe kizima kitakuunga mkono, na hakuna atakayepiga hesabu, kwa sababu jibu lake linakatisha tamaa: kipenyo cha 57.5 kinakupa sisi 128 na nusu. Umeongeza sisi nne na ushee, ambazo hazijazi kijiko cha chai, na silinda haina tena mahali pa kuchongwa. Ila mtaani utajulikana kuwa unaendesha "ya 1.00", na heshima haipimwi kwa sisi.

Halafu, chonga silinda kwanza, pistoni utaitafuta baadaye. Wenye karakana husisitiza waletewe pistoni mkononi, waipime, ndipo waifuate kwa mashine. Huo ni woga wa sehemu za mia za milimita.

Kwenye kufunga usipoteze muda. Ringi ina alama ndogo upande mmoja, inayotakiwa itazame juu. Wewe ivalishe ilivyokuja. Mapengo ya ringi yapangwe yote mstari mmoja, hewa ipate njia ya mkato. Klipu za pini ya pistoni rudisha zile zile za zamani. Ikichomoka moja, utaisikia. Nati zitakazobaki zitie kwenye kopo. Kila gereji ina kopo.

Bado mapambo ya mwendokasi. Toa kichujio cha hewa ili injini ipumue. Vumbi la barabarani lina mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda hufanya kazi ya msasa bila kudai ujira. Toboa ekzosi. Nguvu haitaongezeka, lakini majirani wataamini imeongezeka, nao ndio wengi.

Kilichobaki ni kuizoesha. Watengenezaji husihi kwamba kilomita mia chache za mwanzo injini isikamuliwe, ringi zikae vizuri na silinda, na oili ya kwanza imwagwe mapema kwa sababu ina chenga za chuma. Wewe jioni hiyo hiyo pakia mishikaki, abiria watatu na gunia la mkaa, uelekee mlimani gia ya pili, mafuta mpaka mwisho. Moshi wa buluu ukirudi kabla ya mwezi kuisha, laumu spea.

Hapo tia oili nzito ili ifiche moshi, puliza rangi ya fedha kwenye bloku, kisha weka tangazo: inauzwa, injini haijawahi kufunguliwa. Mnunuzi akiinama na kuuliza mbona bolti za hedi zimelika pembe zote, mwambie zilikuja hivyo kutoka China.