Makosa saba ya Kiswahili, kutoka dogo hadi sugu

Haya, tuhesabu kwenda chini. Ila tuelewane kwanza: simsemi Mwamu anayezungumza Kiamu wala Mpemba anayezungumza Kipemba. Hizo ni lahaja na zina heshima zao. Hicho Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja. Nawasema wanaodai wanazungumza sanifu, na zaidi wale waliokabidhiwa vipaza sauti.

7. Masaa

"Nimekusubiri masaa matatu!" Pole sana, lakini ulisubiri saa tatu. Utaniambia saa tatu ni wakati wa kunywa chai. Basi sema "muda wa saa tatu", na aliyekuchelewesha ataona aibu vilevile.

6. Katika mezani

"Weka katika mezani." "Nipo kwenye ofisini." Ile "-ni" ya mwisho imekwisha kutuonyesha mahali, sasa "katika" amefuata nini? Kazi moja hailipwi mishahara miwili. Mezani, au kwenye meza. Chagua.

5. Mwisho wa siku

Mchambuzi wa soka yuko hewani saa nne asubuhi: "Mwisho wa siku, tunachotaka ni pointi tatu." Ndugu yangu, jua ndiyo kwanza linapanda! Tuna "hatimaye", tuna "mwishowe", tuna "yote kwa yote". Zote zimekaa bure zikisubiri kuitwa. Jirani yake ni "ningependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru". Ichukue basi, mheshimiwa, pilau inapoa. "Nawashukuru" inatosha, tena inagusa moyo zaidi.

4. Waziri ambaye aliyefungua mkutano

Hili limehamia kabisa kwenye taarifa za habari. "Ambaye" na ile "-ye-" iliyomo ndani ya "aliyefungua" zinafanya kazi ileile. Waziri ni mmoja, mkutano ni mmoja, kirejeshi kimoja kinawatosha: waziri aliyefungua mkutano, au waziri ambaye alifungua mkutano. Viwili vikiwekwa pamoja vinagombania kiti.

3. Kuwakilisha mada

Semina imeanza, mtoa mada anasimama, anakohoa kidogo: "Naomba kuwakilisha mada yangu." Kwani yenyewe inaumwa, imeshindwa kuja? Mbunge huwakilisha jimbo, wakili humwakilisha mteja mahakamani. Mada, ripoti na bajeti huwasilishwa, yaani hufikishwa mbele ya wahusika. Tofauti ni herufi moja tu, na ukumbi mzima unakuwa umekuelewa.

2. R na L

Hapa twende taratibu, maana ulimi wa mtu una nasaba yake. Kigikuyu, kwa mfano, hakina sauti ya l, kwa hiyo mtu aliyelelewa nacho akiteleza katika mazungumzo, simcheki na wala sipendi anayemcheka. Kwenye maandishi ndipo sina huruma. Rangi ya ubao imenunuliwa, fundi amelipwa, halafu mgahawa unatangaza: "KALIBU CHAKULA". Kalibu ni chombo cha kusubia madini! Mteja mwenye njaa ataingia humo kwa hiari gani?

Kadi ya harusi nayo, imenakshiwa kwa dhahabu, inasema: "Mahari: Ukumbi wa Shule." Loo! Bwana harusi kaja na ukumbi mzima, na madawati yake? Mashangazi watataka kujua hati iko kwa nani. Mahali ni pale tunapokutana. Mahari ni yale yanayotolewa kwa bibi harusi. Na ukiwahimiza watu wafike mapema "kupiga kula", usishangae wakija na masinia.

1. Kudhamini na kuthamini

Hili ndilo sugu kuliko yote. "Nakudhamini sana, mpenzi wangu." Dada, usiyeyuke haraka, ameahidi kukutoa rumande. Kudhamini ni kubeba dhima ya mwenzio: akikimbia mkopo, mdhamini ndiye anayegongewa mlango. Kuthamini ni kumwona mtu au kitu kuwa na thamani, na pia kupima thamani hiyo kwa fedha.

Mapenzi yanavumilika. Kwenye barua za ardhi kosa hili halivumiliki. Mthamini ni mtaalamu anayekadiria thamani ya mali; Tanzania imemtungia sheria yake mahususi, ya mwaka 2016. Mkulima akiandikiwa kwamba "mdhamini" atafika shambani Jumatatu, atatarajia mtu wa kumbebea madeni. Atakayeshuka garini ni wa kuhesabu minazi na kupima nyumba, na kwa hesabu hiyo ndiyo fidia itapangwa. Mtu anaweza kutia saini asichokielewa kwa sababu ya herufi moja.

Dawa yake ni rahisi. Weka kidole kooni, tamka "dhahabu" kisha "thelathini". Kwenye dh utasikia koo likitetema. Kwenye th limetulia. Rudia mara chache, ulimi utashika njia.

Julai 7, siku ya Kiswahili duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, mabango yatakuwa mengi na hotuba zitakuwa ndefu. Waandaaji, nawaombeni jambo moja: kabla bango halijakwenda kwa mchapaji, mpeni mhariri alisome. Na mmlipe.