Heko, Mheshimiwa Kutu

Katika wote wanaokula cha watu bila kualikwa, sijaona mstaarabu kama Kutu. Panya huacha uchafu, mchwa huacha vumbi. Kutu hula geti lako usiku na mchana, kisha hulipaka rangi nyekundu ya udongo wa Tsavo, wala halipishi.

Wanaomtukana ni wenye mageti. Waulizeni basi wachongaji wa vyuma chakavu wa Nairobi, mji wa Kioko Mwitiki, aliyejipatia jina kwa tembo na wanyama wengine wa vyuma vilivyotupwa. Kama si Kutu, nani angeitupa ile mali? Binadamu hamtupi mtumishi angali na nguvu. Bawaba ingelia mlangoni milele na pipa lingekinga maji hadi kiama. Ni Mheshimiwa anayepita akiwastaafisha, mmoja mmoja, nao wanapakiwa mkokotenini kwenda kuzaliwa upya, huyu twiga, huyu kanga.

Na hana makuu. Anataka chuma, maji na hewa, basi. Ukimwongezea chumvi ya bahari, kama wanavyomfanyia watu wa Mombasa na Tanga, anachapa kazi kwa furaha. Mtazame jirani yake aluminiamu: naye huota ganda, lakini ganda la bahili, linalong'ang'ania mwilini na kufunga mlango. La Kutu huvimba, humeguka, hudondoka, ili chuma cha ndani nacho kipate zamu yake.

Karibuni tumwone kazini. Fundi anatengeneza mbuni. Shingo ni springi ya pikipiki, mbawa ni vijiko na mabapa ya bati, na mkia ni mnyororo wa baiskeli. Mnyororo mzima ungelegea na kuning'inia. Huu Mheshimiwa ameshaugandisha pingili kwa pingili, umepinda kwa madaha ambayo hakuna nyundo ingeyapata. Fundi anatia moto mahali pamoja tu, na ndege anasimama mkia juu.

Wenye wivu watasema Kutu hukataa moto: cheche huruka ovyo, kiungo hujaa vitundu, na mguu wa twiga hung'oka siku ya maonyesho. Huo si ukaidi, ni kutaka kuombwa. Apigwe brashi ya waya pale pa kuungia, naye atasogea kidogo. Kidogo tu, maana atarudi.

Subira yake ingetufaa kitaifa. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, kwa kuwa kuna watu waliokuwa wakiiba vyuma vya nguzo kubwa za umeme, na nguzo zilikuwa zimeanguka na nchi kukosa taa. Hadi Mei, mchongaji asiye na hatia naye alikosa mzigo. Kutu angeziangusha nguzo zilezile kwa utaratibu, bila spana, bila haraka, na hakuna askari angejua amkamate nani.

Ughaibuni wameshamtambua. Huko Gateshead, Uingereza, tangu 1998 amesimama malaika wa mchongaji Antony Gormley, urefu wa mita 20, wa feleji iliyotiwa shaba kidogo makusudi ili ishike kutu juujuu na kutu hiyo iilinde. Malaika mzima kavishwa kutu kama kanzu ya Idi! Huku kwetu bati likishika wekundu kidogo tu, shemeji anakuuliza kama mambo ni magumu.

Lakini mafundi wetu wanazijua adabu zake. Mteja mmoja aliyetaka kupunguziwa bei kwa sababu mbuni ana kutu mgongoni alijibiwa bila fundi hata kuvua miwani: kama unataka asiye na kutu, mama, duka la sufuria ni lile pale.