Sifa za RAID Bandia

Kadi ya RAID ya bei rahisi ni kibao chenye ukubwa wa kiganja, chipu moja ndogo na matundu mawili au manne ya nyaya za SATA. Huchomekwa kwenye sloti ya PCI Express ya kompyuta ya mezani na kuahidi kuzifanya diski mbili ziwe kitu kimoja. Wajuzi huiita RAID bandia. Jina hilo linaidhulumu, kwa kuwa katika ukoo wote wa vifaa vya kompyuta ni vigumu kupata kilicho na unyenyekevu kama wake.

Nasaba yake ni ya heshima. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa zinavyoweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Herufi I katika RAID ilisimama mahali pa hilo neno “nafuu” (kwa Kiingereza, inexpensive). Baadaye, pengine kwa kuona haya kuuza ghali kitu kinachojitangaza kuwa nafuu, wafanyabiashara waliigeuza herufi hiyo ikawa “zinazojitegemea” (independent). RAID bandia ndiyo mjukuu aliyeshika wosia wa babu: ni nafuu kwelikweli, na haijitegemei kwa lolote.

Kutojitegemea huko ndiko sifa yake kuu. Kadi ghali, kwa mfano LSI MegaRAID 9260-8i, huja na prosesa yake, kumbukumbu ya MB 512 na nafasi ya kufungia betri, ili data iliyokuwa bado njiani isipotee umeme ukikatika. Kwa kuwa inafanya kazi, hupata moto. Katika seva hupulizwa na feni zenye nguvu, lakini ndani ya kompyuta ya mezani hutokota peke yake. RAID bandia haina jasho. Hesabu zote huiachia prosesa ya kompyuta, mfano wa mshenga anayefika na kanzu iliyopigwa pasi, akapokea bahasha yake, kisha akawaachia wazee wa pande zote mbili wazungumze wenyewe.

Anayefaidi zaidi ushenga huu ni mwenye mashine ya mifumo miwili, Windows na Linux. Kila mfumo una RAID yake ya kiprogramu, ila mifumo hiyo haielewani: zile diski zilizounganishwa kwa mdadm ya Linux, Windows haizitambui. Ndipo kadi inapojitokeza ikidai kusimama chini ya yote miwili. Kompyuta inapowashwa, programu iliyochomwa ndani ya kadi huionyesha BIOS diski moja, na kwa sekunde chache ahadi imetimia. Mara mfumo endeshi unaposhika hatamu, kadi hujiondoa, na kila mfumo hudaiwa uwe na draiva yake. Enzi za Windows XP, draiva hiyo ilidaiwa kwa kubonyeza F6 mwanzoni mwa usakinishaji na kuingiza flopi, hata pale ambapo aliyenunua mashine hakuwahi kununua kisoma flopi.

Upande wa Linux mambo ni matamu zaidi. Programu ya dmraid husoma alama ambazo baadhi ya kadi huziandika kwenye diski, zikiwemo za Promise, HighPoint na Silicon Image. Za Intel husomwa na mdadm. Alama isipotambuliwa, Linux huona diski mbili, na haipaswi kulaumiwa, maana diski ni mbili. Huifungua mojawapo, ikaandika, ikafunga. Asubuhi Windows huwashwa ikiamini kwamba diski zote mbili ni pacha, ikasoma huku kidogo na kule kidogo. Faili la jana huonekana, hutoweka, hurudi likiwa nusu. Kompyuta za kawaida zina historia moja tu. Hii humpa mwenyewe mbili, zisizopatana.

Uaminifu wake nao hauna upendeleo. Katika RAID 1, ambayo diski moja ni nakala ya nyingine, faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutwa kwenye diski zote mbili kwa wakati uleule. Katika RAID 0, ambayo kila faili hugawanywa kati ya diski hizo, diski moja ikifa, zote mbili huzikwa siku moja. Kadi yenyewe ikifa, huacha wosia ulioandikwa kwa lugha ya ukoo wake, na mara nyingi hutafutwa ndugu yake wa karibu ili ausome, ingawa kwa kawaida huyo ameshaacha kutengenezwa.

Mwenye kutaka kuichagua hana budi kujua kwanza kama toleo lake la Linux linaitambua chipu, kama programu ya ndani ya kadi inaelewa UEFI au BIOS ya zamani tu, na kama diski zake zimevuka TB 2, mpaka ambao jedwali la MBR halivuki. Akishayajua hayo yote, huwa ameshajua pia kwamba anaweza kuweka Windows kwenye diski moja, Linux kwenye nyingine, na nakala ya kazi zake kwenye diski ya tatu iliyo nje ya mashine. Matundu ya SATA ya kufanyia hivyo yako tayari kwenye mazabodi, na yalishalipiwa.