Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu: Tuazime Maafisa Wako

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Kenya,
Times Tower, Nairobi.

MINTARAFU: OMBI LA KUAZIMWA MAAFISA WA KODI, MIGORI NA HOMA BAY

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka huku ziwani, na pongezi pia. Hakuna ofisi ya serikali inayotufuatilia kwa mapenzi kama yako. Wengine hutukumbuka kila baada ya miaka 5. Wewe hutukumbuka kila mwezi.

Tunaihusudu hasa Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Ukishatuandikia makadirio, tuna siku 30 za kuleta pingamizi, na kifungu cha 56 kinatutwika sisi mzigo wa kuthibitisha kwamba umekosea. Ni juu ya mwenye hadwea wa Awendo kuonyesha kuwa fedha zilizoingia benki zilikuwa mchango wa matanga ya mjomba wake, wala si mauzo ya mabati. Stakabadhi zinatakiwa zihifadhiwe miaka 5. Kwa hiyo siku hizi hata daftari la matanga hatulitupi.

Sasa tunaomba wengine nao wagawiwe ukali huo. Tuazime maafisa wachache wakaketi katika hazina za kaunti zetu mbili.

Huko, Mheshimiwa, muda una tabia nyingine. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Ibara ya 229 ya Katiba humpa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi 6 kuandika ripoti, kisha bunge la kaunti hupewa miezi 3 kuijadili. Shilingi iliyotumika Julai 2023 inaweza kuulizwa Machi 2025, na hapo kila mtu yumo ndani ya sheria. Mkaguzi akiambiwa vocha haionekani, huandika kwamba haionekani, na maisha yanaendelea. Hebu mwenye hadwea naye ajaribu kukwambia risiti haionekani! Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya eTIMS, mfumo wako wa ankara za kielektroniki, haikatwi kwenye mapato yake. Inahesabiwa kana kwamba hakutumia kitu. Kanuni hiyo ikivuka barabara hadi makao makuu ya kaunti, tutajua mengi kuhusu chai ya mikutano.

Lakini kisa kitamu ni cha tenda. Tuseme mama wa Oyugis ameiuzia kaunti meza na viti vya shilingi milioni 1. VAT ni asilimia 16, yaani shilingi 160,000, na inadaiwa pindi ankara inapotoka, si pindi anapolipwa. Tarehe 20 ya mwezi unaofuata unaitaka. Kaunti, nayo, imemwambia asubiri. Anakopa akulipe, au anashindwa, nawe unamwongezea faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Akiwa na deni kwako hapati cheti cha kodi, na bila cheti hapati tenda nyingine. Kwa hiyo aliyeikopesha serikali anaadhibiwa na serikali kwa sababu serikali haijalipa. Sijui ni nani aliyebuni mtambo huu, ila anastahili nishani.

Na dawa unayo mwenyewe. Kifungu cha 42 cha ile Sheria ya Taratibu za Kodi kinakuruhusu kumwagiza mtu anayedaiwa na mlipakodi akulipe wewe moja kwa moja. Benki zinazijua vizuri barua hizo. Basi mwandikie anayedaiwa na mama wa Oyugis; anwani yake ni rahisi, ana bendera mlangoni na gari lenye king'ora.

Maafisa wakishafika, wabebe pia Ibara ya 226(5): ofisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria anawajibika kwa hasara hiyo na anatakiwa kuifidia, awe bado ofisini au ameshaondoka. Wamhesabie riba ile ile, asilimia 1 kwa mwezi. Mzigo wa kuthibitisha uwe wake, na apewe siku zetu 30.

Tunasubiri jibu lako ndani ya siku 60. Unajua vyema kwamba, kwa kifungu cha 51 cha sheria yako hiyo ya kodi, pingamizi usilolitolea uamuzi ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ukinyamaza, nasi tutahesabu ombi hili limekubaliwa, na tutaanza kuwatafutia maafisa nyumba za kupanga Rongo na Mbita.

Wako mtiifu,
Mlipakodi wa Migori

Nakala: Magavana na mabunge ya kaunti za Migori na Homa Bay